Sura ya Tisa: Kiangazi Kilichoondolewa

Siku Daktari wa Visima, mtafiti wa maji wa chuo kikuu, alipotoweka ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Alifua soksi zake za kazini, akazianika dirishani, akamwambia mdogo wake, "Nikichelewa leo, msiningoje kula." Kisha akatoka, mkoba wa kompyuta begani, chupa zake za kupimia maji zikigongana ndani ya mfuko. Hakurudi. Soksi zilikauka zikakaa pale dirishani mpaka zikapauka upande mmoja, kwa sababu nyumbani mle hakuna aliyekuwa na mkono wa kuzianua.

Alipatikana Ijumaa katika bwawa la zamani la kusafishia maji, lile lililoachwa tangu mtambo mpya ulipojengwa. Hospitali iliandika kwamba alizama. Kituo cha polisi cha eneo lile kiliandika kwamba aliteleza. Mkoba wa kompyuta haukuonekana, nacho kituo kikaandika kwamba huenda umezama kwenye tope.

Jalada lilipohamia mezani kwa Inspekta, neno lililomkaa rohoni ni hilo "huenda". Aliagiza tope lisakwe upya. Likasakwa, wakatoa tairi, viatu visivyofanana na sufuria iliyotoboka. Mkoba haukuwemo. Wakubwa wakamwambia afunge jalada, ajali ni ajali. Hakulifunga. Kituoni walimwita Kupe, naye alijua, wala hakununa. Kupe ana kazi moja, na akishaishika haiachi.

Alhamisi asubuhi, mwezi mmoja na ushei baada ya maziko, mdogo wa marehemu aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, ambaye chaki ilikuwa imeshamwingia kwenye mistari ya viganja. Aliweka mezani karatasi zilizobanwa kwa pini.

"Afande, dada yangu hakuandika hii."

Koplo, aliyekuwa akinywa chai kwenye kona yake, aliinua shingo akasoma jina lililokuwa juu. "Mwalimu, mbona jina ni lake?"

"Jina ni lake. Maneno si yake."

"Kaa kwanza," Inspekta alisema. "Umeitoa wapi?"

"Maktaba Wazi. Makala yenyewe imefunguliwa juzi."

Maktaba Wazi ilijulikana na kila mtu aliyesikiliza taarifa ya habari mwaka ule. Serikali ilikuwa imetangaza sera mpya: utafiti wowote uliolipiwa na umma lazima uwekwe mtandaoni mahali pamoja, ili mtu yeyote, awe waziri au muuza nyanya, aufungue na kuusoma bila kumwomba mtu ruhusa. Tena wizara isijenge kitu juu ya utafiti ambao wananchi hawawezi kuusoma. Kazi ya mwisho ya Daktari wa Visima ilihusu visima vipya vya bondeni, ambavyo maji yake yangepandishwa kwa bomba hadi mitaa ya mlimani. Ilikuwa ikisubiriwa kwa hamu. Ikisema maji ni salama, Waziri afungue bomba. Ikisema si salama, bomba libaki limefungwa.

"Na hii inasemaje?" Inspekta aliuliza.

"Inasema ni salama. Waziri anakuja Jumatatu, na wanafunzi wangu wanafundishwa wimbo wa kumpokea." Mwalimu alifungua ukurasa wa katikati, akagonga kwa kidole. "Tazama hapa. Amepima wakati wa mvua, basi, amefunga biashara. Kiangazi kiko wapi? Mimi nilimbebea chupa kiangazi chote, afande. Kila Jumamosi tulikwenda bondeni, vumbi hadi masikioni. Nilimwambia, dada, mimi ni mwalimu, si punda. Akaniambia punda halalamiki hivi."

Alicheka kidogo, kisha akatazama sakafu.

"Labda aliamua kiangazi hakina maana, akakiacha," Koplo alisema.

"Dada? Kuna siku alirudi sokoni na mvua ile yote, kwa sababu ya limau moja ambalo muuzaji alimzidishia bila kujua. Mtu wa namna hiyo aache kiangazi kizima?"

"Alikuambia alikuta nini?" Inspekta aliuliza.

"Hakuwa mtu wa maneno mengi kuhusu kazi. Aliniambia tu, 'Maji yale watu wayaogee, wafulie. Wasiyanywe.' Mvua zikinyesha yanachanganyika, yanakuwa mepesi. Kiangazi yanabaki yale ya kwenye mwamba tu, na mwamba unayatia floraidi nyingi. Mtoto akiyanywa miaka miwili mitatu, meno yanageuka kahawia. Akiendelea, mifupa inapinda." Akamtazama Inspekta usoni kwa mara ya kwanza. "Darasa la pili lote liko mlimani kule. Yakianza kuwapata hayo, wazazi watafungua karatasi hii, wataona jina la dada yangu. Ndiye watakayemlaani."

Inspekta alivuta simu, akapiga wizarani. Alihamishwa kutoka mtu hadi mtu mpaka akampata ofisa wa miradi ya maji, akamweleza.

"Afande, nakuelewa," ofisa alisema, kwa sauti ya mtu ambaye mezani kwake kuna watu wengine wanamsubiri. "Lakini sisi tumefungwa na sera. Tunafuata kilicho wazi. Huyo ndugu ana huzuni, pole yake. Nileteeni kingine kilicho wazi, nami nitasimamisha mradi saa hiyo hiyo."

"Mkiyapima tena maji?"

"Tumeyapima jana. Safi kabisa."

Inspekta alitazama dirishani. Nje mvua ilikuwa ikimwagika kama imetumwa. Akakata simu.

"Koplo, acha chai. Tunakwenda chuo kikuu."

Maktaba Wazi, pamoja na jina lake kubwa, ilikuwa chumba kimoja chini ya jengo la maktaba ya chuo. Palikuwa na kompyuta mbili, feni moja, na mkutubi, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea. Aliwakaribisha kwa kuwaonyesha kiti kimoja. Koplo alisimama.

"Makala hii ilipokelewa lini?" Inspekta aliuliza.

Mkutubi aligeuza kioo cha kompyuta awaonyeshe. "Jumatatu. Siku moja kabla hajapotea, maskini. Aliituma mwenyewe. Inaingia kwenye foleni, inangoja niikague, ndipo naifungua kwa umma. Ila nilikuwa na msiba wa shemeji, nikakaa likizo muda mrefu. Juzi nimerudi, nimeikagua, nimeifungua."

"Ikiwa kwenye foleni, inaweza kubadilishwa?"

"Mwandishi anaweza. Akikumbuka kosa, anaingia kwa nywila yake, anaweka faili jipya. La zamani linafutika."

"Na tarehe?"

"Inabaki ile ya kwanza. Nilipiga kelele mfumo huu ulipoletwa. Nikaambiwa, mama, wewe tunza vitabu."

Koplo alisogea mbele. Tangu wakiwa njiani alikuwa ameshaamua kwamba mkosaji yumo maktaba. "Mbali na mwandishi, nani mwingine anaweza kuingia?"

"Mimi."

"Kwa hiyo ni yeye au wewe."

"Na yeye ameshakufa." Mkutubi alinyoosha mikono yote miwili mbele. "Nifunge, mwanangu. Ila ngoja nizime feni, maana nikirudi nitaambiwa nimemaliza umeme."

Koplo aliona haya, lakini hakurudi nyuma. "Mama, simaanishi ubaya. Ulikuwa wapi ukiwa likizo?"

"Kijijini kwa marehemu, siku arobaini, mahali ambapo simu inashika ukipanda juu ya tenki la maji. Waulize wajane wawili na kwaya nzima."

Inspekta aliandika hilo ili lihakikishwe, kisha akaiweka makala katikati ya meza. "Ukikagua, unakagua nini?"

"Siwezi kukagua maji, mimi si mtu wa maji. Naangalia jina, naangalia nani alilipia. Kisha kazi za watu wengine zilizotajwa humo, naangalia kama kweli zipo, maana wapo wanaotaja vitabu vya ndotoni."

"Na hizi?"

"Zipo zote. Kasoro moja, ambayo haijatoka bado, lakini najua itatoka. Ni ya Profesa, mkuu wa idara yake. Nikadhani alimpa aisome." Mkutubi alishusha sauti, "Kusema kweli nilishangaa. Profesa ametajwa humu mara nyingi kuliko maji."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka. "Ulishangaa kwa nini? Si mkubwa wake?"

"Walikuwa hawasemezani. Profesa ndiye aliyeandika, zamani sana, kwamba mwamba wa bondeni hauna madhara. Kazi hiyo ndiyo iliyompa kiti alichokalia. Marehemu alipoanza kupima kiangazi, Profesa akaacha kumwitikia salamu. Wakikutana kwenye ngazi hapo nje, mmoja anageuka kama amesahau kitu."

Inspekta aliipitia ile orodha mwishoni mwa makala, kidole kikishuka taratibu. Kilisimama kwenye kazi ambayo haijatoka. Jina la Profesa, jina la jarida la chuo, toleo lijalo. Na mwisho wa mstari, namba za kurasa: kuanzia ukurasa mia mbili na tisa hadi mia mbili thelathini.

"Mama, kitu ambacho hakijachapwa kinapataje namba za kurasa?"

Mkutubi alivua miwani. Aliinamia karatasi, akaisoma, akainua uso.

"Hakipati," alisema.

Chumba cha chapa cha chuo kilikuwa juu kabisa, chini ya mabati, kikinuka wino na gundi. Mpanga kurasa alikuwa akila karanga kutoka kwenye kopo, macho yake hayatoki kwenye kompyuta.

"Toleo lijalo? Nimelipanga wiki iliyopita," alisema. "Makala ya Profesa iko mwishoni."

"Wiki iliyopita. Si kabla?"

"Kabla ya hapo kulikuwa na nini cha kupanga? Makala zilikuwa zimelundikana tu. Tena mwanzoni ya Profesa ndiyo ilikuwa ifungue toleo, ianzie ukurasa wa kwanza. Mhariri akasema imesogezwa nyuma. Nikaisogeza, ikaangukia mia mbili na tisa. Hata mimi sikujua ingeangukia wapi mpaka nilipobonyeza."

"Nani ameziona kurasa hizo?"

"Mimi. Na mwenyewe. Kila mwandishi namtumia zake peke yake, asome asahihishe makosa ya chapa. Mhariri ataona zote zikishakamilika." Alitupa karanga mdomoni. "Alizirudisha siku ile ile. Zake ana haraka nazo. Za wenzake anakaa nazo mpaka ziote ukungu."

Koplo alimtazama kwa makini. "Kwa hiyo watu walioijua namba hii ni wawili. Wewe na yeye."

"Unanitazama mimi?" Mpanga kurasa aliacha kutafuna. "Kaka, mimi nakaa upande wa pili wa mji. Maji ya mlimani yananihusu nini? Na huyo dada nilikuwa simjui hata kwa sura. Kompyuta hii inaonyesha kila nilichotuma, njoo uangalie."

Waliangalia. Kilichotumwa kilikuwa kimetumwa kwa mtu mmoja.

Walishuka ngazi mpaka ghorofa ya chini, ndipo Koplo akasimama.

"Afande, sielewi. Mtu amesoma mpaka kichwa kimeng'aa. Ameiba kompyuta, ameingia kwa jina la marehemu, ameondoa kiangazi vizuri hata mkutubi hakushtuka. Halafu anajiandika mwenyewe mle ndani?"

"Kwanza jiulize kwa nini hakuifuta tu."

"Ndiyo, kwa nini hakuifuta?"

"Zamani angeifungia kabatini, yakaisha. Sasa sera inataka kazi ionekane. Isipoonekana, bomba halifunguliwi, na watu wataanza kuuliza. Ilibidi iwepo, ila iseme anachotaka yeye. Akaketi kuiandika upya. Na mtu yule akiketi kuandika, mkono unakwenda wenyewe kwenye jina lake. Hakujiandika kwa akili. Amejiandika kwa mazoea, kama wewe unavyokunja mguu ukikaa."

Koplo alitazama mguu wake.

"Alikuwa na zile kurasa mpya mezani," Inspekta aliendelea, "amezisoma, amezifurahia. Akazitia. Twende kwa hakimu."

Hakimu aliwapokea Ijumaa mchana akiwa amechoka. Alisikiliza mpaka mwisho, kidevu kikiwa juu ya kiganja.

"Inspekta, unataka nikupe hati ya kupekua nyumba ya profesa kwa sababu ya namba za kurasa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wakili wake atanicheka."

"Marehemu amezikwa mwezi uliopita, Mheshimiwa. Kurasa zimezaliwa wiki iliyopita. Kama yupo mtu anayeweza kunieleza marehemu alizionaje, nitaichana hati mbele yako."

Hakimu alifikiri. Akavuta kalamu.

Jumamosi asubuhi Profesa mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mrefu, nadhifu, sweta imefungwa vifungo vyote. Aliisoma hati ya upekuzi mstari kwa mstari, akasahihisha kwa kidole mahali ambapo jina la mtaa lilikuwa limekosewa, akairudisha.

"Pekueni, binti yangu. Nyumba ni yenu. Ila vitabu virudishwe kwa mpangilio."

Koplo na askari wawili waliingia vyumbani. Inspekta alibaki na Profesa sebuleni. Alimweleza kwamba hana lazima ya kujibu, na kwamba akijibu, maneno yake yanaandikwa na yanaweza kusomwa mahakamani. Profesa alitabasamu, akasema ameyaandika maisha yake yote maneno ya kusomwa na watu.

"Mimi niliishia kidato cha nne, Profesa," Inspekta alisema. "Nisaidie nielewe. Kazi hii ya marehemu ni nzuri?"

"Ni nzuri. Nisingesema hivyo miaka miwili iliyopita. Alikuwa mkaidi. Lakini mwishoni alielewa."

"Naona amekutaja."

"Kwa heshima zote. Ile ya mwamba, na hata ile yangu mpya. Alikuwa kama binti yangu."

"Ile mpya aliisoma wapi? Naambiwa haijatoka."

"Nilimpa mimi mwenyewe. Rasimu. Ofisini kwangu, siku chache kabla ya msiba."

"Mlikuwa mmeshapatana."

"Kabisa."

"Rasimu hiyo ilikuwa na namba za kurasa?"

"Kila rasimu ina namba za kurasa, binti yangu."

"Zinaanzia ngapi?"

"Moja. Zianzie ngapi?"

Inspekta aligeuza makala, akaisukuma mbele yake, kidole kwenye mstari wa mwisho. "Marehemu anasema zinaanzia mia mbili na tisa."

Profesa alisoma. Alisoma tena. Mkono wake ulipanda kwenye kifungo cha juu cha sweta, ukakifungua, ukakifunga.

"Mkutubi," alisema. "Hawa wakutubi wanapenda kusahihisha."

"Mkutubi hajaziona kurasa hizi. Alizipanga mtu mmoja, wiki iliyopita, akazituma kwa mtu mmoja. Marehemu alikuwa na mwezi kaburini."

Kutoka chumba cha kusomea Koplo aliita. "Afande, njoo uone kitu."

Ukuta mzima ulikuwa kabati la vitabu. Koplo alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu ya chini, mikono ndani ya glovu.

"Vitabu vyote vya rafu hii ni kimoja," alisema.

"Kimoja vipi?"

"Kitabu kile kile, cha kwake, kimerudiwa rafu nzima. Hata kimoja hakijafunguliwa, kurasa bado zimegandana." Alivuta sita kwa pamoja, akaingiza mkono nyuma yake. "Na huku kuna hiki."

Ulikuwa mkoba wa kompyuta, wa kitambaa cha bluu. Ukanda wake ulikuwa umeingia tope likakauka. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito, kwa herufi kubwa: MAJI. USIKALIE.

Inspekta aliubeba mpaka sebuleni, akauweka mezani juu ya karatasi safi. Profesa aliutazama kama mtu anayetazama mgeni ambaye alishamuaga.

"Nywila yake uliijua?"

"Nilimfungulia kompyuta yake ya kwanza akiwa mwanafunzi. Hakuwahi kuibadilisha nywila ile niliyompa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nilimwomba angoje mwaka mmoja tu. Kisha aseme anachotaka kuhusu mwamba wangu, nisingekuwepo kusikia."

"Ulimwomba wapi?"

"Bwawani. Alikuwa anachukua maji ya kulinganisha. Alinisikiliza, hakuwa na adabu mbaya, hilo siwezi kusema. Akaniambia, 'Mwalimu wangu, kiangazi siwezi kukificha, watoto watakinywa.' Akageuka kwenda zake. Ukingo ule una utelezi. Aliteleza mwenyewe, binti yangu, naapa sikumgusa."

"Alianguka majini."

"Alianguka. Alikuwa hajui kuogelea, mtu wa maji maisha yake yote. Aliniita."

"Ukafanya nini?"

Profesa alitazama mkoba.

"Ukafanya nini, Profesa?"

"Niliokota mkoba," alisema.

Koplo aliacha kuandika.   Inspekta akamwambia Profesa asimame.

Wataalamu wa kompyuta walifanya kazi Jumamosi ile yote na Jumapili asubuhi. Kazi ya kweli ilikuwemo, nzima, masika na kiangazi, kila kisima na kipimo chake. Walichapa nakala ya ushahidi, wakaifunga kwa lakiri, kisha Inspekta akachukua nyingine mkononi, akampitia mwalimu nyumbani kwake.

Mkutubi alikuwa amefungua chumba chake siku ya mapumziko. Alikuwa amewasha feni.

"Mwandishi hayupo," alisema, "kwa hiyo anayeweza kuniruhusu ni ndugu yake. Unaniruhusu, baba?"

"Nakuruhusu," mwalimu alisema. Kisha akaomba aisome kwanza. Walimwachia kile kiti kimoja. Alisoma polepole, midomo ikicheza kama ya wanafunzi wake. Alipofika sehemu ya kiangazi alisimamisha kidole.

"Ameandika hapa anamshukuru mbeba chupa."

"Hayo yalikuwa yamefutwa kwenye ile nyingine," mkutubi alisema.

"Ameandika 'ingawa alilalamika.'"

 Koplo aligeukia mlango, akajifanya anakagua kitasa. Mwalimu alipangusa uso kwa mkono wa shati, akamrudishia mkutubi karatasi.

"Fungua, mama."

Mkutubi alibonyeza. Ile makala ya uongo ilipewa alama kwamba imeondolewa, na sababu yake ikaandikwa chini kwa mstari mmoja. Ya kweli ikakaa mahali pake. Inspekta alikuwa ameshashika simu, na ofisa wa wizara, ingawa ilikuwa Jumapili, aliitika mara moja.

"Ulisema nikuletee kilicho wazi," Inspekta alisema. "Fungua uone."

Ilisikika mtu akigonga vibao vya kompyuta, kisha mtu akisoma chini kwa chini.

"Nimeiona," ofisa alisema. "Nimeona vipimo vya kiangazi. Nampigia Waziri."

"Sasa hivi?"

"Afande, hiki kitu kiko wazi. Hata nisipompigia mimi, atapigiwa na mwingine."

Walitoka nje. Mvua ilikuwa imekatika, na ngazi za maktaba zilikuwa zikichuruzika. Mwalimu alisimama kwenye ngazi ya chini kama mtu aliyefika mahali asijue anakwenda wapi.

"Sasa inakuwaje, afande?"

"Jumatano anapelekwa mahakamani. Wewe ni shahidi, utaitwa, usisafiri. Wakili wake atasema aliteleza mwenyewe, na huenda ni kweli. Sisi tutauliza kwa nini hakunyoosha mkono. Hiyo ni kazi ya miezi mingi, wala sikuahidi mwisho wake. Mwili hauna alama."

"Na wewe?"

"Mimi bado nalishikilia jalada."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alishukuru, akakataa kupelekwa kwa gari, akaondoka kwa miguu kuelekea mlimani.

Jumatatu Waziri hakuja. Wanafunzi waliimba wimbo wao hata hivyo, kwa kuwa walikuwa wameshaujifunza. Kwenye ubao wa matangazo wa shule kulibandikwa karatasi ya halmashauri: bomba la kutoka bondeni halitafunguliwa mpaka chujio la floraidi lijengwe, na kwa sasa maji ya kunywa yataletwa kwa gari kila Jumanne na Ijumaa. Kila nyumba ilete ndoo yenye mfuniko.